Swali la Mwanagenzi Katika Jaruba la Mpunga

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata hivyo, mwanagenzi aulizapo sababu ya desturi fulani ya kazi, mara nyingi hujibiwa kwamba ndivyo ifanywavyo. Katika makala hii tutaonyesha, kwa mfano wa kilimo cha mpunga, jinsi wazo la mgeni linavyoweza kupimwa badala ya kudharauliwa au kupokewa bila kuchunguzwa.

Mfano huu ulianzia Antsirabe, nchini Madagaska. Huko padre Mfaransa, Henri de Laulanié, alianzisha shule ya vijana wakulima mwaka 1981. Katika msimu wa 1983-84, kwa kubanwa na wakati, miche ilipandikizwa ikiwa na umri wa siku 15 tu, badala ya siku 30 hivi za kawaida. Kumbe miche ile michanga ilitoa machipukizi mengi ajabu. Padre huyo alijifunza kwa wenyeji pia: aliona baadhi yao wakipanda mche mmoja mmoja, na wengine wakiacha udongo ukauke kidogo.

Katika miaka ya 2010 njia hiyo ilifundishwa kwa wakulima wadogo wa Mngeta, kusini-magharibi ya Ifakara. Katika bonde la Kilombero wakulima wengi wamezoea kumwaga mbegu shambani, na wanaopandikiza hutia miche kadhaa katika shimo moja. Njia ngeni yataka mche mmoja wa siku 8 hadi 12, kwa nafasi ya sentimita 25 kila upande. Yaani mashimo 16 katika mita moja ya mraba. Mche mchanga huhamishwa kabla haujaanza kuchipua, hupata nafasi ya kutanua mizizi, na udongo usiofurika daima huipa mizizi hiyo oksijeni.

Mkulima mzoefu atapinga: maji huzuia magugu, na mche mdogo huzama mto ufurikapo wakati wa masika. Pingamizi hili lisidhaniwe kuwa ukaidi, kwani ni elimu itokanayo na bonde lenyewe, nayo lazima iingizwe katika jaribio.

JARIBIO. Tengenezeni majaruba mawili ya mita 4 kwa 4, mahali pasipofurika sana. Udongo, mbegu, mbolea, nafasi na idadi ya miche kwa shimo viwe sawa. Umri wa miche peke yake ndio utofautiane: siku 12 na siku 30. Mbegu za vitalu vyote viwili zioteshwe siku moja. Siku 75 baada ya kuotesha, hesabuni machipukizi ya mashina 10 katika kila jaruba. Andikeni saa za palizi, na baada ya mavuno pimeni uzito wa mpunga mkavu. Msimu ufuatao badilisheni jambo jingine, kwa mfano nafasi.

MASWALI

1. Kwa nafasi ya sentimita 25, jaruba moja litahitaji mashimo mangapi?

2. Kwa nini haifai kubadilisha umri wa miche na nafasi kwa pamoja?

3. Jaruba moja likizidi kwa mavuno, lakini palizi yake ikachukua muda mara mbili, mkulima ashauriwe nini?

4. Mwulize fundi seremala au mfumaji mikeka wa kijijini kwenu sababu ya desturi moja ya kazi yake. Eleza namna ya kuipima.