SIKIO LIKIZIBA, UBONGO NAO HUUMIA



Tunapopita nyumba kwa nyumba, mara nyingi mama hutuambia: "Masikio ya mtoto yanatoka usaha, lakini yatapona yenyewe akikua." Leo tujifunze kwa nini si vizuri kungoja.

Panya wanatufundisha nini?

Mtoto wa panya huzaliwa hasikii. Huanza kusikia akiwa na siku 12 hivi. Mwaka 1977 watafiti wawili wa Marekani, Douglas Webster na Molly Webster, walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Waliwazuia panya wachanga wasipate sauti vizuri, kisha wakapima seli za ubongo wao kwa hadubini. Katika sehemu zinazopokea sauti kutoka masikioni, seli nyingi zilikuwa ndogo kuliko za panya waliosikia kawaida. Ubongo haukupigwa wala haukuugua. Ulikosa sauti tu. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa siku za mwanzo za kusikia ndizo muhimu zaidi.

Na mtoto wetu je?

Binadamu si panya, lakini ubongo wa mtoto nao hukua kwa kupokea sauti na lugha. Mtoto asiyesikia akisaidiwa kabla ya miezi 6, hujifunza lugha vizuri zaidi kuliko aliyecheleweshwa.

Mpeleke mtoto kituo cha afya ukiona:
- Mchanga hashtuki kwa kishindo.
- Ana miezi 6 na hageuki akisikia sauti.
- Ana mwaka 1 na haitiki jina lake.
- Sikio linauma au linatoa usaha.

Nyumbani fanya hivi:
- Kausha usaha kwa kitambaa safi kilichosokotwa. Badilisha mpaka sikio likauke. Rudia angalau mara 3 kwa siku.
- Usitie mafuta, maziwa wala maji sikioni. Usichokoe kwa kijiti.
- Mpe dawa zote ulizopewa kituoni mpaka ziishe.
- Hakikisha amepata chanjo ya surua. Surua inaweza kuharibu masikio.

Na mtoto ambaye hatasikia kabisa? Usimfiche ndani. Mfundisheni lugha ya ishara mapema, nanyi nyumbani mjifunze pamoja naye. Ubongo wake unahitaji lugha, hata kama itaingia kwa macho.

Mzazi, usingoje akue. Njoo leo.