Kabla ya Kumlipa Fundi: Skrini na Kipanya katika Kihariri cha Vim

Baadhi ya kompyuta zilizokwisha kutumika huuzwa zikiwa na mfumo wa Linux, na humo mnunuzi hukutana na Vim, kihariri cha maandishi kinachofanya kazi ndani ya dirisha la amri. Kipanya kikikataa kunakili maneno, au rangi zikawa hazisomeki, mnunuzi hudhani ameuziwa chombo kibovu. Akiangukia mikononi mwa fundi asiye mwaminifu, atalipia kipanya kipya au hata skrini mpya, ilhali kasoro ilikuwa katika mipangilio tu.

Jaribio la kwanza halihitaji utaalamu. Toka katika dirisha la amri, ufungue kivinjari cha intaneti au picha yoyote. Ikiwa huko kipanya kinakwenda sawasawa na rangi ni zile ulizozizoea, yaelekea vifaa vyako ni vizima. Fundi anayesisitiza kubadilisha kifaa mwombe akuonyeshe kasoro hiyo hiyo nje ya Vim.

Tuanze na kipanya. Tangu toleo la 8.0 la mwaka 2016, Vim huweza kukitwaa kipanya endapo mtumiaji hana faili lake mwenyewe la mipangilio. Ikishakitwaa, dirisha la amri halikipati tena, na njia uliyoizoea ya kuchagua maneno na kuyanakili hugoma. Katika madirisha mengi ya Linux inatosha kushikilia kitufe cha Shift huku ukiburuta kipanya. Ukitaka Vim ikiachilie kabisa, bonyeza Esc, andika `:set mouse=` kisha Enter; kukirudisha, andika `:set mouse=a`. Wenye skrini pana huenda wakaona kipanya kinaitika upande wa kushoto na kunyamaza upande wa kulia. Utaratibu wa zamani wa mawasiliano hauhesabu zaidi ya safu ya 223; dawa yake ni `:set ttymouse=sgr`.

Kuhusu rangi, tatizo la kawaida ni maandishi ya buluu iliyokolea juu ya weusi. Vim imekisia vibaya rangi ya nyuma; iambie ukweli kwa `:set background=dark`. Rangi zikivurugika baada ya kunakili mipangilio ya mtu mwingine, jaribu `:set notermguicolors`, kwa kuwa si kila dirisha linamudu rangi zote ambazo mpangilio huo huzidai.

Lililo zito zaidi ni skrini kuganda, maana hapo kazi yenyewe hupotea. Aliyezoea programu nyingine hubonyeza Ctrl na S akikusudia kuhifadhi. Katika baadhi ya madirisha ya amri, hasa kwa matoleo ya zamani ya Vim, vitufe hivyo husimamisha maonyesho: herufi hazionekani tena, na mtumiaji huizima kompyuta kwa nguvu. Usiizime. Bonyeza Ctrl na Q, skrini itafunguka. Wala usigonge vitufe ovyo wakati imeganda, kwani Vim bado inavipokea na kuvitekeleza pasipo wewe kuona. Kuhifadhi katika Vim ni `:w` na Enter.

Ikiwa umekwisha kuizima, au umeme umekatika, pumzi zisikuishie. Kwa kawaida Vim huweka akiba kila baada ya herufi 200, au ukitulia kwa sekunde 4. Fungua faili lile lile. Onyo litatokea, nawe uchague R ili kurejesha. Hifadhi kilichorejeshwa kwa jina jingine, ukilinganishe na cha awali kabla ya kufuta chochote.

Amri tulizozitaja hudumu hadi utakapofunga Vim. Ili zikae, ziandike katika faili liitwalo `.vimrc` ndani ya folda yako ya nyumbani, bila ile nukta mbili ya mwanzo. Hapa pana mtego: faili hilo likiwapo, Vim huacha kusoma mipangilio yake ya awali, na mtu aliyeongeza mstari mmoja huona mengine yamebadilika. Mstari wako wa kwanza uwe `source $VIMRUNTIME/defaults.vim`.

Neno kuhusu malipo. Vim, iliyotolewa na Bram Moolenaar mwaka 1991, hutumika bure. Ujumbe unaoonekana mwanzoni kuhusu watoto wa Uganda ni ombi la mchango wa hiari, uliokusudiwa kituo cha watoto cha Kibaale, si ankara. Anayekudai ada ya leseni ya kuitumia Vim usimlipe. Fundi ana haki ya ujira wa muda wake, lakini stakabadhi iseme wazi kwamba amerekebisha mipangilio, na kama amebadilisha kifaa, akurudishie kile cha zamani.