Ukha: supu ya wavuvi wa Urusi kwa kuhe wa Tanganyika

Ziwa lenye kina kirefu kuliko yote duniani ni Baikal, huko Siberia: mita 1,642. La pili ni Tanganyika, mita 1,470. Wavuvi wa Baikal na wa mito mikubwa ya Urusi wana supu yao ya samaki, ukha, ambayo mpaka leo hupikwa ukingoni mwa maji, juu ya moto wa kuni. Mpishi wa Kapalamsenga aliyepata samaki wa asubuhi kutoka Karema au Ikola anaweza kuipika bila kuagiza chochote mjini Mpanda.

Kwanza, weka kando kikaango. Sisi humkaanga mgebuka, kisha tukamrudisha kwenye nyanya na mawese, na ni mboga tamu kweli. Ukha haitaki kukaanga, wala nyanya, wala mafuta ya kuongeza. Ladha yote hutoka kwa samaki mwenyewe, na supu huwa safi kiasi cha kuona chini ya bakuli. Kwa hiyo samaki aliyelala hafai. Ziwa likifungwa kwa uvuvi, kama ilivyokuwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, subiri. Samaki mkavu ana mapishi yake.

Mimi huchagua kuhe, kwa kuwa nyama yake ni nyeupe na haivunjiki ovyo. Sangala pia anafaa. Mgebuka tumia ukimkosa kuhe, ila mpunguzie muda wa motoni.

Siri ya ukha ni kuingiza samaki mara mbili. Warusi huchemsha kwanza visamaki vidogo, huvichuja na kuvitoa, kisha kwenye maji yale yale hupika samaki mzuri. Wenye subira hufanya hivyo hata mara tatu. Wewe chukua kuhe wa kilo moja, mtoe minofu na uiweke kando. Kichwa, mifupa na mkia vitie kwenye lita mbili za maji ya baridi. Matamvua yatoe yote bila huruma, maana ndiyo yanayotia uchungu. Ukiwa na dagaa wabichi, wafunge kwenye kitambaa safi uwatumbukize humo. Tia kitunguu maji kizima pamoja na ganda lake lililooshwa, kwani ndilo linaloipa supu rangi ya dhahabu, kisha karoti, punje chache za pilipili manga na chumvi kidogo.

Sasa vuta kuni nje. Hapa ndipo supu nyingi huharibika: moto ukiwa mkali, maji hutokota kwa nguvu na supu inakuwa na ukungu usioondoka tena. Inatakiwa ichemke polepole, sufuria ikiwa wazi, dakika 30 hadi 40. Engua povu kila linapopanda, wala usikoroge.

Chuja. Rudisha supu motoni na viazi mviringo viwili vitatu vilivyokatwa. Vikikaribia kuiva, tia minofu, dakika nane tu. Wavuvi wa Kirusi humalizia kwa kuchovya kijinga cha mti wa kwao, mbetula, ili supu ipate harufu ya moshi, na wengi hutia vodka kidogo kuondoa shombo. Kwa kuhe wa leo vodka haina kazi. Kijinga jaribu, lakini kiwe cha mti usio na utomvu. Epua, nyunyiza kotimiri, funika dakika kumi.

Kwa desturi ya kale, supu hunywewa bakulini na samaki huliwa kwenye sahani yake, jambo linalotufaa sana sisi wa ugali. Ndimu na pilipili weka mezani, kila mtu ajitilie.

Mgeni mkaribishe bila kumlazimisha. Mwaka 1813 Ivan Krylov alitunga ngano ya Demyan, aliyemshindilia jirani yake sahani baada ya sahani ya ukha mpaka jirani huyo akatoroka, na Warusi bado humtaja Demyan mtu anaposukumiwa jambo kupita kiasi.

Supu ikibaki, mtoe samaki humo kwanza. Ikipoa vizuri huganda kidogo, dalili kwamba mifupa imetoa yote. Asubuhi ichemshe taratibu, umrudishe samaki dakika za mwisho, unywe na chapati.