VIBAO VYA MAELEKEZO KATIKA CHUMBA CHA RUBANI: KIPURI KIKIBADILISHWA, MAANDISHI YASIACHWE NYUMA

Wananchi wengi wa visiwa vyetu, wakiwemo watumishi wa Serikali wanaokwenda kazini Pemba, Mafia na Dar es Salaam, husafiri kwa ndege ndogo. Abiria anayeketi karibu na rubani huona mbele yake vibao vidogo vingi vyenye maandishi na alama za rangi. Baadhi ya watu hudhani kuwa vibao hivyo ni mapambo ya kiwandani. Somo la leo linakusudia kueleza kuwa vibao hivyo ni sehemu ya ndege kisheria, na kwamba fundi anayebadilisha kipuri bila ya kurejesha kibao chake hajamaliza kazi.

1. Kibao ni nini kisheria?

Mkataba wa Usafiri wa Anga wa Kimataifa ulitiwa saini mjini Chicago tarehe 7 Desemba, 1944. Kiambatisho cha 8 cha Mkataba huo, kinachohusu ubora wa ndege kwa kuruka, kinataka vyombo na vishikio vya ndege viwe na alama na vibao vyenye mipaka na habari ambazo rubani hana budi kuziona akiwa angani. Kila nchi mwanachama hutunga kanuni zake kwa kufuata msingi huo. Kwetu sisi usafiri wa anga ni jambo la Muungano, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Katika somo hili mifano mingi imechukuliwa kutoka Marekani, kwa sababu ndege ndogo nyingi zinazoruka duniani, kama Cessna na Piper, zilibuniwa na kuthibitishwa huko. Kanuni za Marekani zinakataza mtu kurusha ndege bila ya kufuata mipaka iliyoandikwa katika kitabu cha ndege, katika alama na katika vibao. Kwa hiyo neno lililo kwenye kibao lina nguvu sawa na neno lililo kitabuni. Kibao kinatakiwa kiwe mahali pa wazi, kisifutike kwa urahisi, kisiharibike, wala kisifunikwe na kitu kingine.

2. Fundi atajuaje kibao kinachotakiwa?

Ndege haihukumiwi kwa kanuni za leo peke yake. Hubaki chini ya masharti yaliyotumika ilipothibitishwa. Cessna 172, kwa mfano, ilithibitishwa mwaka 1955, na kanuni za ndege ndogo za Marekani zimeandikwa upya zaidi ya mara moja tangu hapo. Hivyo fundi asikisie wala asinakili tu vibao vya ndege ya jirani. Anapaswa kutazama hati hizi:

(a) Hati ya cheti cha aina ya ndege, ambayo hutaja vibao vya lazima, mara nyingi kwa maneno yake kamili.
(b) Kitabu cha ndege na kitabu cha matengenezo.
(c) Cheti cha nyongeza, ikiwa ndege imefungwa kitu ambacho hakikuwemo katika ubunifu wa mwanzo.
(d) Maagizo ya lazima ya usalama yanayotolewa baada ya kasoro kugunduliwa.

3. Mifano ya vipuri na vibao vyake

Pangaboi na saa ya mizunguko. Baadhi ya ndege za Piper Cherokee zenye injini ya Lycoming O-360 na pangaboi la Sensenich zina kizuizi maarufu: injini isiendeshwe mfululizo kati ya mizunguko 2,150 na 2,350 kwa dakika. Katika mwendo huo mtikisiko wa injini na wa pangaboi huongezeana, na chuma huchoka hadi kikaweza kuvunjika. Kwa sababu hiyo saa ya mizunguko hutiwa alama nyekundu katika sehemu hiyo. Sasa tuchukulie saa imeharibika na imeletwa mpya. Saa mpya hufanya kazi vizuri, lakini huenda uso wake hauna alama hiyo nyekundu. Rubani mgeni ataiendesha injini katika mwendo uliokatazwa kwa saa nzima, na hakuna kitakachomwonya. Vivyo hivyo, pangaboi likibadilishwa kwa la aina nyingine, kizuizi cha zamani huenda kikaondoka na kingine kikaingia. Kibao hakina budi kufuata pangaboi lililofungwa.

Dira. Manahodha wetu wanajua tangu zamani kuwa chuma kikiwekwa karibu na dira, dira husema uongo. Redio mpya, waya wa umeme au hata skrubu ya chuma inaweza kufanya hivyo katika ndege. Ndiyo sababu kando ya dira huwekwa kadi inayoonyesha kosa lake kwa kila mwelekeo, kwa nafasi zisizozidi digrii 30, na kueleza kama redio zilikuwa zimewashwa au zimezimwa wakati wa kupima. Chombo cha umeme kikibadilishwa karibu na dira, dira ipimwe tena na kadi iandikwe upya. Kosa la digrii 10 katika safari ya maili 60 za baharini humtoa rubani njiani kwa maili kama 10. Kisiwa cha Pemba kina upana wa kilomita 22 hivi. Katika mawingu, kosa kama hilo linatosha kumpitisha rubani pembeni ya kisiwa, juu ya bahari tupu.

Mifuniko ya matangi. Ndege zenye injini za pistoni, kama Cessna 172 na 206 za petroli, hutumia petroli ya ndege, ambayo ile ya aina ya 100LL hutiwa rangi ya buluu. Cessna Caravan, ambayo ni ndege ya injini ya tabo, hutumia mafuta ya jeti yaliyo jamii ya mafuta ya taa. Mjazaji hutegemea maandishi yaliyo kando ya mdomo wa tangi. Bawa likipakwa rangi upya na maandishi yakafunikwa, mjazaji aweza kukosea. Hatari yake ni kwamba injini ya petroli iliyotiwa mafuta ya jeti huweza kuwaka na hata kuinua ndege kwa petroli iliyobaki katika mirija, kisha ikazimika ndege ikiwa chini chini.

Chombo kilichoharibika. Pale ambapo kanuni zinaruhusu ndege kuruka na chombo kisicho cha lazima kikiwa kimeharibika, chombo hicho huondolewa au huzimwa kabisa, na kibao cha kueleza kuwa hakifanyi kazi huwekwa hapo. Kikishatengenezwa, kibao hicho nacho kiondolewe. Kibao kinachosema uongo humzoeza rubani kupuuza vibao vya kweli.

4. Funzo la mwaka 1997

Tarehe 12 Oktoba, 1997, mwimbaji wa Marekani John Denver alifariki dunia baada ya ndege yake ndogo aina ya Long-EZ kuanguka baharini katika Ghuba ya Monterey, California. Ndege hiyo ilikuwa imeundwa na mtu binafsi kwa kufuata michoro, na Denver alikuwa ameinunua karibuni. Michoro iliweka kishikio cha kuchagua tangi la mafuta mbele, kati ya miguu ya rubani. Muundaji alikihamishia nyuma ya bega la kushoto. Kishikio hakikuwa na alama ya kuonyesha upande upi ni tangi lipi, na vipimo vya kuonea mafuta navyo havikuwa na alama.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani iliamua kuwa rubani alipogeuka kukishika kishikio hicho, alikanyaga usukani wa kulia bila ya kukusudia na ndege ikamponyoka. Bodi ilimlaumu pia kwa kutojaza mafuta kabla ya kuruka. Hata hivyo, ilitaja kishikio kisicho na alama na kilicho mahali pagumu kufikiwa, pamoja na vipimo visivyo na alama, kuwa miongoni mwa mambo yaliyochangia. Kibao peke yake kisingelisogeza kishikio mbele. Lakini ajali hiyo inaonyesha kuwa kitu kikihamishwa au kikibadilishwa na maarifa yake yakabaki kichwani mwa fundi, mmiliki wa pili hurithi ndege bila ya maarifa hayo.

5. Kumbukumbu

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Fundi aandike katika daftari la ndege kipuri alichokifunga, hati aliyoifuata na kibao alichokiweka. Mmiliki asipokee ndege kabla ya kusoma maandishi hayo na kuvilinganisha vibao na kitabu.

Kwa muhtasari, kila kipuri kipya kiulizwe maswali matatu: Je, kile cha zamani kilikuwa na alama au kibao? Je, hiki kipya kinaleta mpaka mpya? Je, kazi yake inagusa kibao cha chombo kilicho jirani?

Abiria naye ana nafasi yake. Akiona kibao kimebanduka au maandishi yamefutika, amweleze rubani kwa adabu kabla ya ndege kuondoka. Kufanya hivyo si kumdharau rubani, kwani kibao kimewekwa ili kisomwe na kila mwenye macho.