Kupima Ini la Chura wa Gilgil Bila Joto Kukuchanganya

Anayetaka kujua joto la maji linafanya nini kwenye vimeng'enya vya ini la chura, aje Gilgil. Kando ya Ziwa Elmenteita, chemchemi za Kekopey hutoa maji ya karibu nyuzi 40, na ziwa hilohilo hupokea Mto Mbaruk unaoteremka na maji baridi. Vyura usiwatafute penye maji yanayounguza. Watafute pale mkondo ulipopoa, kwenye nyasi. Na linganisha spishi moja tu.

Vibali kwanza: Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI), kisha Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori, Naivasha. Elmenteita ni Urithi wa Dunia tangu 2011, kwa hiyo usijaribu njia za mkato. Buti zioshwe kwa dawa kabla ya kuhama dimbwi, maana kuvu inayoshambulia ngozi ya vyura imeshapatikana Kenya.

Kipimajoto kiweke pale chura anapokaa, si katikati ya mto. Gilgil iko mita 2,000 hivi juu ya bahari. Maji ya kina kifupi yaliyopashwa na jua la saa nane hupoa vibaya kufikia alfajiri. Mimi huacha kifaa cha kurekodi joto majini kwa wiki kadhaa, kwa sababu ini nalo huchukua wiki kujirekebisha.

Ugumu wenyewe uko hapo. Joto likipanda nyuzi 10, vimeng'enya vingi huongeza kasi mara mbili hadi tatu papo hapo, mpaka lizidi na protini ianze kuharibika. Lakini chura aliyezoea baridi anaweza kutengeneza kimeng'enya kingi zaidi ili kufidia kasi aliyopoteza. Ukipima kila ini kwa joto la maji ya kwao, athari hizo mbili huenda zikafutana, nawe uandike kwamba hakuna tofauti! Kwa hiyo kila ini naligawa na kulipima kwa nyuzi 15, 25 na 35, awe chura wa maji baridi au ya vuguvugu, kisha nagawanya matokeo kwa kiasi cha protini.

Wanafunzi hupenda kupima kimeng'enya cha katalesi, kwa vile povu la hidrojeni peroksaidi linaonekana kwa macho. Kwa swali hili haifai sana: kasi yake hubadilika kidogo tu kwa joto. Mimi hupima laktati dehidrojenasi, nikifuatilia NADH kwa mwanga wa nanomita 340. Ini likitoka tu, liingie kwenye barafu. Inunue mjini kabla ya kushuka ziwani.