Ahadi ni Deni? Sheria ya Mkataba na Mwanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walinena kuwa ahadi ni deni, na hakuna mwanafunzi wa fasihi simulizi ambaye hajaichambua methali hiyo angaa mara moja. Sheria haikubaliani nayo. Mjomba akimwahidi mpwa wake kuwa atamnunulia tarakilishi pindi atakapojiunga na chuo kikuu, kisha asimnunulie, mpwa atalalamika nyumbani, pengine hata mbele ya wazee, lakini mahakamani hana kesi. Kwa macho ya sheria, ahadi huwa deni pale tu ambapo aliyeahidiwa naye ametoa kitu, au ameahidi kutoa kitu, ili aipate ahadi hiyo. Makala hii inaeleza misingi michache ya sheria ya mkataba nchini Kenya kwa kumlenga mtu ambaye aghalabu hajihesabu kuwa mfanyabiashara, yaani mwanafunzi wa Kiswahili anayeandika.

Sheria yenyewe ni fupi mno. Sheria ya Mkataba, Sura ya 23 ya Sheria za Kenya, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1961, na kazi yake kubwa ni kuelekeza kuwa mikataba iamuliwe kwa sheria itokanayo na hukumu za mahakama za Uingereza, pamoja na kanuni za insafu. Kabla ya hapo ilitumika Sheria ya Mkataba ya India ya mwaka 1872, ambayo hadi leo ndiyo shina la sheria ya mkataba ya Tanzania. Kwa hivyo Mkenya anayetaka kujua mkataba ni nini hana budi kusoma kesi za Waingereza waliokufa zamani. Kwa bahati njema, nyingi za kesi hizo husomeka kama hadithi fupi.

Pendekezo, kimya na badala

Mkataba huanza kwa pendekezo la upande mmoja na kukubali kwa upande wa pili. Bidhaa iliyopangwa dukani, hata ikiwa imebandikwa bei, si pendekezo bali ni mwaliko. Mnunuzi ndiye anayependekeza, na mwenye duka ana hiari ya kukataa. Hilo halina ugumu. Penye ugumu ni kimya. Katika kesi ya Felthouse dhidi ya Bindley ya mwaka 1862, mjomba alimwandikia mpwa wake kuwa asiposikia neno zaidi kuhusu farasi waliyekuwa wakimjadili, atamhesabu kuwa wake kwa pauni 30 na shilingi 15. Mpwa hakujibu. Dalali akamuuza farasi yule mnadani kwa makosa, mjomba akamshtaki dalali, na akashindwa, kwa kuwa kimya cha mpwa hakikuwa kukubali. Uamuzi huu una mvuto wa pekee kwa anayeujua utamaduni wa Waswahili, ambamo kimya cha mwari anapoulizwa juu ya posa huchukuliwa kuwa ridhaa yake. Biashara haina desturi hiyo. Mchapishaji anayemwandikia mtunzi kuwa asipojibu katika siku 14 atahesabiwa amekubali, hapati mkataba kwa kimya hicho.

Msingi unaofuata ndio unaowatatiza watafsiri. Kile ambacho kila upande hutoa ili upate ahadi ya mwenzake hakina jina moja lililozoeleka. Wapo wanaokiita "malipo", lakini neno hilo huelekeza fikra kwenye pesa, ilhali bidhaa, huduma, hata kujizuia kutenda jambo ambalo mtu ana haki ya kulitenda, hutosha. Neno "badala" linafaa zaidi, kwa kuwa ndani yake mna kutoa na kupokea. Hata hivyo, sheria haiulizi kama badala inalingana na thamani ya kile kilichotolewa. Katika kesi ya Chappell dhidi ya Nestlé ya mwaka 1960, hata karatasi za kufungia chokoleti, ambazo kampuni ilizitupa mara ilipozipokea, zilihesabiwa kuwa sehemu ya badala. Kwa mtunzi, maana ya jambo hili ni chungu. Mathalani, shilingi 5,000 kwa hadithi itakayosomwa shuleni miaka na mikaka ni badala halali, na mahakama haitamwongezea hata senti.

Sahihi

Mkataba wa mdomo ni mkataba. Mwanafunzi aliyekubaliana na mpiga chapa juu ya bei ya kuchapiwa tasnifu amefunga mkataba, ila atapata taabu ya kuuthibitisha wakivurugana. Yapo mambo machache ambayo sheria hudai yaandikwe, yakiwemo uuzaji wa ardhi na kumdhamini mtu mwingine kwa deni lake. Anayemdhamini rafiki wa chumba kimoja kwa maandishi na kutia sahihi huweza kulilipa deni lote peke yake.

Nguvu ya sahihi ilidhihirika mwaka 1934 katika kesi ya L'Estrange dhidi ya Graucob. Bi. L'Estrange, aliyekuwa na mkahawa huko Wales, alinunua mashine ya kuuzia sigara, nayo ikaharibika baada ya muda mfupi. Fomu aliyotia sahihi ilikuwa na kifungu cha herufi ndogo kilichomwondolea muuzaji lawama zote. Hakuwa amekisoma. Akashindwa, kwa kuwa aliyetia sahihi pasipo kudanganywa hufungwa na maandishi, asome asisome. Sheria imewahi kumhurumia asiyejua kusoma, aliyesomewa hati kwa namna isiyo ya kweli. Msimamo huo ni wa tangu kesi ya Thoroughgood ya mwaka 1582. Msomi wa chuo kikuu asitarajie huruma hiyo kwa kudai kuwa Kiingereza cha hati kilikuwa kigumu.

Lakini kwa nini hati ya diwani ya Kiswahili iandikwe kwa Kiingereza? Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inavitambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Sura ya 23 haidai kuwa mkataba uandikwe kwa Kiingereza. Mtunzi anaweza kuomba nakala ya Kiswahili kabla ya kutia sahihi. Akishaipata, aisome kama mwanaisimu. Sentensi "Mtunzi anauza hakimiliki ya hadithi" ina utata, kwa sababu nomino "hadithi", ya ngeli ya I-ZI, haibadiliki katika wingi. Je, ni hadithi moja au zote alizoandika? Mahakama hutatua utata wa namna hiyo kwa kumwelemea aliyeiandika hati, ila ni nafuu zaidi kudai upatanisho wa kisarufi: "hadithi hii", pamoja na anwani yake.

Hakimiliki ya mtunzi

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, hakimiliki ya kazi ya fasihi ni ya mtunzi, nayo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Kuihamisha hudai maandishi yenye sahihi. Kazi iliyoagizwa, au iliyoandikwa katika ajira, huchukuliwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza au mwajiri, isipokuwa wahusika wamekubaliana vingine. Kwa hiyo anayeandikia mradi wa mtu mwingine aulize mapema. Katika hati ya mchapishaji, tofauti kubwa ni kati ya kuhamisha hakimiliki na kutoa idhini ya kuchapisha. Aliyehamisha ameuza shamba. Aliyetoa idhini amekodisha, na anaweza kudai mrabaha, muda maalumu, na haki ya kurudishiwa kazi isipochapishwa.

Kifungu hiki cha mwisho ndicho husahaulika zaidi. Mwaka 1966, Tony Macaulay, mtunzi wa nyimbo aliyekuwa na umri wa miaka 21, alitia sahihi mkataba uliompa mchapishaji hakimiliki za nyimbo zake zote kwa miaka 5, bila kumlazimisha mchapishaji kutoa hata wimbo mmoja. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilikataa kuutekeleza mkataba huo kwa kuwa ulimbana kupita kiasi. Hukumu hiyo, ambayo mahakama za Kenya huweza kuizingatia ingawa haizifungi, ilitolewa mwaka 1974, miaka 8 baada ya sahihi yake.