Vijineno "A" na "The" katika Habari za Siasa

Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walikusanyika Kagunga, kijiji kilichobanwa baina ya milima na Ziwa Tanganyika. Meli ya Liemba iliwachukua mpaka Kigoma, nazo habari zao ziliandikwa kwa Kiingereza ulimwenguni kote. Mwanafunzi wa Ujiji aliyeiona meli hiyo kwa macho yake huenda akazisoma habari hizo asizielewe barabara, kwa sababu ya vijineno viwili visivyo na mfano katika Kiswahili.

Tarehe 13 Mei, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza redioni kwamba amemwondoa madarakani Rais Pierre Nkurunziza, aliyekuwa mkutanoni Dar es Salaam. Mwandishi aanzaye na "a general" humjulisha msomaji mtu mgeni, jenerali mmoja miongoni mwa wengi. Asemapo baadaye "the general", ni yule yule aliyekwisha kutajwa. Lakini "the president" hutumika hata mara ya kwanza, maana nchi ina rais mmoja tu. Kiswahili nacho kina njia yake: "walisikia tangazo" si sawa kabisa na "walilisikia tangazo".

Katika vichwa vya habari nafasi ni finyu, hivyo vijineno hivyo huachwa, na msomaji hana budi kuvirudisha mwenyewe akilini. Yafaa pia atofautishe "coup", yaani mapinduzi, na "attempted coup", jaribio lake. La Burundi lilishindwa kwa muda wa siku mbili.

Penye hatari zaidi ni neno "few". Mwaka 2017 Warundi waliokubali kurudi kwao walianza kusafirishwa kutoka makambi ya Mkoa wa Kigoma. "A few refugees want to return" maana yake wapo kadhaa wanaotaka kurudi. "Few refugees want to return" maana yake karibu wote hawataki. Mfasiri aandikaye "wakimbizi wachache wanataka kurudi" mara zote mbili ameificha tofauti hiyo. Na kwa mtu aliyeko Nyarugusu, akingoja kujua serikali zitaamua nini juu yake, tofauti hiyo si ya sarufi peke yake. Tafsiri iliyo salama zaidi ya sentensi ya pili ni "ni wakimbizi wachache mno wanaotaka kurudi".

Zoezi: Tafsiri sentensi hizi mbili, kisha eleza ni ipi yenye kutia moyo: "There is little hope of peace." "There is a little hope of peace."